Hudner Alipomwacha Brown Mlimani

Kikundi chetu cha wahudumu wa kujitolea hukutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa kanisa hapa Embakasi. Tuko 14: muuguzi mmoja, vijana watatu wa bodaboda, fundi wa gereji, mama mboga wawili, wanafunzi kadhaa wa chuo, na mzee tunayemwita Afande kwa sababu alitumikia zimamoto ya jeshi la anga, kambi ya Eastleigh, mpaka alipostaafu. Kila mkutano mmoja wetu huleta kisa cha uokoaji, nasi tukakichambua: nani alifanya nini, alikuwa na nini mkononi, na sisi tungefanyaje. Zamu yangu ilipofika nilileta kisa cha marubani wawili wa Marekani huko Korea. Tulikaa nacho saa tatu. Waliokosa mkutano wameniomba nikiandike, na nimekubali, maana nami bado kinanikaa moyoni.

Kwa nini ndege? Anayeishi Embakasi hana haja ya kuuliza. Hapa kwetu unakatiza maneno katikati ili ndege ipite kwanza juu ya paa, kisha unaendelea. Na wazee wa huku wanaikumbuka Novemba 20, 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 ilipoanguka muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka uwanja wetu kuelekea Johannesburg. Vibamba vya mbele ya mabawa, vile vinavyoisaidia ndege kupanda ikiwa bado na mwendo mdogo, havikuwa vimefunguka. Watu 59 walikufa, 98 wakatoka hai, na ndege ikateketea. Afande hupenda kutukumbusha kanuni moja ya viwanja vya kimataifa: gari la zimamoto linapaswa kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia katika muda usiozidi dakika 3. Dakika 3 tu, kwa sababu mafuta ya ndege hayamsubiri mtu.

Sasa fikiria mahali ambapo gari hilo halipo kabisa.

Desemba 4, 1950, kaskazini mwa Korea, wakati wa Vita vya Korea. Karibu na bwawa la Chosin, askari wapatao 30,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Wamarekani wa kikosi cha Marine, walikuwa wamezingirwa na Wachina wapatao 120,000. Baridi ya vita vile ilikuwa ikishuka usiku hadi nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Silaha ziliganda, na dawa za majeruhi ziliganda. Kutoka baharini, kwenye meli ya kubeba ndege iitwayo USS Leyte, ndege sita za kivita aina ya Corsair, kila moja na rubani wake peke yake, ziliruka kwenda kuwasaidia waliozingirwa. Katika moja alikuwamo Jesse Brown. Katika nyingine, ubavuni mwake, alikuwamo Thomas Hudner.

Brown alikuwa na miaka 24. Alizaliwa Hattiesburg, Mississippi, kwa wazazi waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana na mwenye shamba mavuno, katika jimbo ambalo mtu mweusi hakuruhusiwa kunywa maji kwenye bomba moja na mzungu. Oktoba 1948 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya jeshi la majini la nchi yake. Alikuwa na mke, Daisy, na binti mdogo. Hudner alitoka Fall River, Massachusetts, kwenye familia ya wauza vyakula, akasomea chuo cha kijeshi cha Annapolis. Kwa cheo Hudner alikuwa juu ya Brown. Angani, hata hivyo, Brown ndiye aliyetangulia, maana alikuwa amezizoea zaidi ndege hizo, na Hudner alimfuata ubavuni ili kumlinda. Muuguzi wetu aliniomba nirudie sentensi hiyo, nikairudia. Mwaka huo huo wa 1950, Machi 30, Nairobi ilitangazwa kuwa jiji, na Eastleigh ilikuwa kambi ya jeshi la anga la Uingereza. Hapakuwa na Mwafrika aliyerusha ndege ya kivita kutoka pale. Jeshi letu la anga lilizaliwa Juni 1, 1964. Afande alikaa kimya nilipotaja tarehe hiyo, akachezea kofia yake.

Alasiri ile walikuwa wanaruka chini chini juu ya milima ya theluji. Mwenzao mmoja akaona kitu kama mvuke kikitoka kwenye ndege ya Brown. Inaelekea risasi moja kutoka ardhini ilikuwa imekata njia ya oili. Injini bila oili haiendi mbali, na pale alipokuwa hapakuwa na kimo cha kuruka kwa mwavuli. Brown akachagua uwazi mdogo kwenye mteremko wa mlima, nyuma kabisa ya mistari ya adui, akaishusha ndege kwa tumbo. Kishindo kikaing'oa injini, na mwili wa ndege ukakunjika pale pale alipoketi.

Wenzake walizunguka juu wakiamini amekufa. Kisha wakaona kifuniko cha kioo kikifunguka, na mkono ukiwapungia. Wakafurahi. Wakasubiri atoke. Hakutoka. Na mbele yake ukaanza kupanda moshi.

Hapo nikafunga daftari na kuwauliza wenzangu. Uko juu, una mafuta ya kukurudisha melini. Helikopta imeitwa lakini iko mbali. Rafiki yako yuko hai, amebanwa, na moshi unatoka. Unafanya nini?

Afande ndiye aliyejibu kwanza, na alijibu kama mwalimu. Kanuni ya kwanza ya uokoaji ni moja duniani kote: usiongeze majeruhi. Ukishuka nawe ukavunjika, helikopta itakayokuja itakuwa na watu wawili wa kubeba, na pengine nafasi ya mmoja. Halafu akatueleza jambo ambalo mimi sikuwa nimelipa uzito. Katika Corsair tangi kuu la mafuta limekaa mbele ya rubani, kati yake na injini. Ndege hiyo ina pua ndefu kwa sababu hiyo. Maana yake ni kwamba ule moshi wa mbele ulikuwa unatoka jirani kabisa na tangi, na tangi lilikuwa jirani kabisa na magoti ya Brown. "Mimi nikiwa mkubwa wao angani," akasema, "ningemkataza."

Hudner hakumpa mtu nafasi ya kumkataza. Hakuomba ruhusa. Alishusha ndege yake kwa tumbo, magurudumu yakiwa ndani, akaibamiza kwenye theluji kama mita 100 kutoka kwa Brown. Aliumia mgongo, na maumivu hayo yakamfuata. Lakini alisimama, akakimbia.

Nilijaribu kutoegemea upande wowote katika ubishi uliofuata, ila hapa nitasema ninachoamini. Afande yuko sahihi kuhusu kanuni, na kanuni hiyo mimi mwenyewe huifundisha. Lakini kanuni ya kutoongeza majeruhi humtaka mwokoaji apime hatari dhidi ya nafasi ya kufaulu, na Hudner alipopima aliona mtu aliye macho, anayepunga mkono, ambaye kwa macho ya juu alihitaji kuvutwa tu. Hakuwa na njia ya kujua kwamba vyuma vimemkunjia goti. Tukimhukumu kwa kile alichokuja kukiona baadaye, tunamwonea. Kijana mmoja wa bodaboda alisema vizuri zaidi: "Ukimwona mtu anakupungia, huyo si maiti. Utamwachaje?"

Sehemu inayofuata niliwasomea polepole, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nilete kisa hiki kwa watu wa huduma ya kwanza. Tazameni mpangilio wake. Hudner alipanda juu ya bawa, akajaribu kumvuta Brown, akaona goti limenaswa. Basi akashuka, akaanza kuchota theluji kwa mikono na kuishindilia kule moshi ulikotoka. Moto kwanza. Theluji hupoza na huzuia hewa, kama sisi tunavyotumia mchanga, na ndiyo kitu pekee kilichokuwepo. Brown alikuwa amevua glavu alipohangaika na mikanda, na vidole vilikuwa vimeganda hata havikunjiki. Hudner alikuwa amebeba kofia ya sufu, akamvisha kichwani, kisha akaifunga ile mikono kwa skafu yake. Akarudi kwenye ndege yake iliyovunjika, akaiambia redio kwamba helikopta ije na shoka na mtungi wa kuzimia moto. Kisha akarudi tena bawani. Kuvuta. Kushuka. Kuchota theluji. Kupanda. Kumsemesha.

Muuguzi alitusimamisha kwenye kofia. Alisema wengi wetu tungeisahau. Tungeng'ang'ana na goti, maana goti ndilo tatizo linaloonekana, huku baridi ikimmaliza mtu kimya kimya. Mtu anayeganda hutetemeka kwanza, halafu kutetemeka kunakoma, halafu anatulia na kusinzia, na wasiojua hudhani amepata nafuu. Brown, kwa maelezo ya Hudner mwenyewe, alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alizungumza taratibu, kana kwamba yeye ndiye anayempa mwenzake moyo. Muuguzi alisema utulivu ule huenda ulikuwa tabia yake, na huenda ulikuwa damu na baridi. Pengine vyote.

Helikopta ikafika. Rubani wake alikuwa Charles Ward wa kikosi cha Marine, mtu aliyemfahamu Brown. Alikuja na shoka, alikuja na mtungi. Mtungi ukaisha bila kuumaliza moshi. Shoka likapigwa kwenye vyuma, likaruka. Likapigwa tena, likaruka. Wawili hao walipokezana kwa kiasi cha dakika 45, wakisimama kwenye bawa lenye theluji ambapo mguu hauna pa kukanyagia, na goti la Brown halikusogea hata inchi.

Fundi wetu wa gereji huwa mtu wa maneno machache, lakini hapa alisimama. Alichukua bati la paa lililokuwa nyuma ya ukumbi, akalikunja, akalishika mbele yetu. Shoka, alisema, limeundwa kwa mti. Nyuzi za mti zinakubali kupasuliwa. Chuma kilichokunjika kimejibana chenyewe kwa chenyewe, na ukikipiga kinayumba au kinalirudisha shoka. Hata ukifaulu kukikata, unaweza kukata upande usiobana. Kinachotakiwa ni kitu cha kuingia katikati na kusukuma, upande huu uende huku na ule uende kule. Kupanua, si kukata. Mashine za zimamoto za kupanua vyuma, zile zenye mdomo kama wa mamba zinazosukumwa kwa mafuta ya pampu, hazikuwepo mwaka 1950. Akaketi.

Alipokuwa akisema hayo, mimi na yeye tulikuwa tunawaza kitu kimoja. Miaka michache iliyopita, alfajiri, lori dogo aina ya kanta lililobeba nyanya liligonga nyuma ya lori la mchanga kwenye barabara ya Outer Ring. Nilifika miongoni mwa wa kwanza. Dereva alikuwa macho, dashibodi imemshukia mapajani, na mguu wa kulia umepotea ndani ya vyuma. Chini ya gari dizeli ilikuwa inadondoka, tone, tone, ikijichanganya na maji ya nyanya. Tulikuwa watu wasiopungua 20, na kila mmoja alikuwa na nguvu. Mmoja akavuta mabega, mwingine mkono. Dereva akapiga yowe ambalo nalisikia hadi leo. Mwanamume mmoja akaleta panga, akaanza kuikata dashibodi, na kila pigo lilikuwa linapita karibu na goti la mtu. Nilimpokonya lile panga kwa kumsihi, si kwa nguvu. Tukapata mtaimbo, tukabonyeza watu watatu, ukapinda.

Ni fundi huyu, aliyekuwa akipita kwenda kufungua gereji, aliyeuliza, "Makanga, jeki iko wapi?" Akaichukua jeki ya matatu iliyosimama kando, akailaza kati ya sakafu ya kanta na dashibodi, akaweka kipande cha ubao chini ili isiteleze, akaanza kuzungusha. Mzunguko mmoja, mwingine. Chuma kikalia. Nilikuwa nimeinama na tochi ya simu, naangalia ngozi ya mguu ule, na niliona nafasi ikizaliwa, upana wa kidole kwanza, halafu vidole viwili. Tulimtoa. Anatembea kwa kuchechemea, lakini anatembea. Licha ya watu 20 wenye moyo, mguu ule ulikuwa umebanwa kwa zaidi ya nusu saa, na ulifunguliwa na kitu ambacho kila gari lililosimama pale lilikuwa nacho chini ya kiti.

Ndiyo maana siwezi kusoma habari za lile shoka bila uchungu. Hudner na Ward hawakupungukiwa na chochote ambacho binadamu anaweza kutoa. Walipungukiwa na chombo. Sisi watu wa Nairobi hukimbilia ajali haraka sana, na ninaipenda tabia hiyo ya watu wetu, lakini tunakimbia mikono mitupu. Mwisho wa mkutano tulichanga. Tuna jeki mbili sasa, mbao fupi fupi, mtaimbo mzito, na ndoo nne za mchanga mkavu zenye vifuniko, na vimekaa kwa mama mboga mmoja wetu ambaye kibanda chake hufunguliwa saa 10 za alfajiri.

Kuhusu kukata mguu sitarefusha. Hudner na Ward walilifikiria, kwa kisu. Muuguzi alisema kwamba katika baridi ile, bila kitu cha kufunga damu vizuri, bila hata nafasi ya kuliona lile goti, kisu kingemuua Brown mikononi mwao. Hakuna aliyempinga.

Sasa nafika mahali palipotugawa.

Jua lilikuwa linazama. Helikopta ya Ward haikuwa na uwezo wa kuruka usiku kati ya milima ile, na askari wa adui walikuwa karibu. Brown alikuwa amemwambia Hudner kwamba asipopona, amwambie Daisy kuwa anampenda. Baada ya hapo akawa anazimika na kuzinduka, kisha hakuzinduka tena. Ward akasema wazi: wanaondoka sasa, au hawaondoki kabisa. Hudner akamwinamia Brown, akamwambia wanakwenda kutafuta vifaa na watarudi. Brown hakujibu. Wakaondoka.

Yule kijana wa bodaboda, yule yule aliyesema huwezi kumwacha anayekupungia, alikasirika. Alisema yeye asingeondoka. Alisema afadhali kufa naye. Wanafunzi wawili wakamuunga mkono, na mmoja akauliza ushujaa gani huu wa kumwacha mtu kwenye theluji na kumpa uongo masikioni.

Afande hakupandisha sauti. Alitusimulia kwamba katika miaka yake ya kazi, kilichowaua wazima moto aliowajua hakikuwa kuingia. Kuingia ni rahisi, alisema, mwili unaingia wenyewe. Wanakufa kwa kukataa kutoka filimbi ikipigwa. Mtu amekwisha kushika mkono wa mwenzake ndani ya moshi, anaitwa atoke, hatoki. Na nje wapo wengine ambao wataingia kumfuata yeye. "Kijana wangu," akamwambia yule wa bodaboda, "kile ulichokisema ni upendo, sikatai. Lakini Ward naye alikuwa na mama. Hudner angebaki, Ward angebaki naye, au angeondoka na mzigo huo maisha yake yote."

Mimi naongeza hivi. Tumezoea kukihesabu kile kitendo cha kushuka kuwa ndicho ushujaa wa Hudner, na kuondoka kwake kuwa ndipo ushujaa ulipokwisha. Sikubali. Kushuka alikuamua kwa dakika chache, damu ikichemka, rafiki akimpungia. Kuondoka alikuamua akiwa amechoka, mikono imekufa ganzi, akimtazama uso kwa uso mtu aliyemvisha kofia kwa mikono yake, akijua karibu kwa hakika kwamba hamwoni tena. Alipoteza ndege ya serikali, alivunja kanuni, alijiumiza mgongo, na baada ya yote hayo akatakiwa kufanya jambo dogo la kupanda helikopta. Nadhani hatua zile kutoka kwenye bawa la Brown hadi mlango wa helikopta zilikuwa ngumu kuliko kutua. Na zilikuwa sahihi. Anayefundisha uokoaji bila kuifundisha hatua hiyo hajamaliza somo, na mimi nimekuwa nikifundisha bila kuimaliza.

Kuhusu yale maneno ya mwisho, mama mboga aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi alimjibu mwanafunzi. Alisema alimuuguza mumewe, na siku ya mwisho alimwambia anakwenda kumletea uji. "Nilijua," akasema. "Yeye pia alijua. Haukuwa uongo huo."

Melini Hudner aliomba warudi mlimani na daktari. Nahodha alikataa, hakuwa tayari kupoteza watu wengine. Siku chache baadaye marubani wa kikosi chao waliruka hadi pale. Brown alikuwa bado kwenye kiti chake. Ili mwili usiangukie mikononi mwa adui, waliziangushia zile ndege mabomu ya napalm, na walipokuwa wakitazama miali ikipanda, redioni wakasali Baba Yetu.

Nilipofika hapo ukumbi ulinyamaza. Moto ule ule ambao Hudner aliuzuia kwa viganja vya theluji, marafiki zake Brown waliuleta wenyewe, kwa kuwa hawakuwa na ardhi ya kumlaza wala mikono ya kumfikia. Sisi tunaojua maana ya kusafirisha mwili usiku kucha kutoka Nairobi hadi nyumbani kwao marehemu, tunaochangishana ili mtu alale kwenye udongo wa baba zake, tuliielewa huzuni hiyo bila kuelezwa.

Aprili 13, 1951, katika Ikulu ya Marekani, Rais Harry Truman alimvisha Hudner Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote za kijeshi nchini humo. Daisy Brown alikuwepo, amesimama karibu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama nishani hutolewa kwa uokoaji ulioshindwa. Hii ilitolewa, na sioni kosa. Brown naye alitunukiwa nishani baada ya kufa, na mwaka 1973 meli ya kivita ya nchi yake ikaanza kazi ikiwa na jina lake.

Kilichobaki ni ile ahadi. Julai 2013 Hudner alisafiri hadi Pyongyang. Alikuwa na miaka 88. Aliomba ruhusa ya kufika mlimani kutafuta mabaki ya Brown, na Wakorea wakampokea, lakini mvua za msimu zilikuwa zimeharibu barabara, wakamwambia ajaribu wakati mwingine hali ya hewa ikitengemaa. Alirudi kwao. Alifariki Novemba 13, 2017. Brown bado yuko kule.

Nilipomaliza kusoma hayo, kijana wa bodaboda aliuliza kutoka Korea ya 1950 hadi 2013 ni miaka mingapi. Nikamwambia 63. Akachukua kofia yake ya pikipiki, akaisaidia safu ya mbele kupanga viti, na alipofika kwa Afande akamwinamia na kumpa mkono.